Reli ilipolala tulisahau kuiogopa: waliokulia kando ya reli Tanga, karibuni

#1 Mwana wa Gengi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Leo umeniponyoka baada ya kumkuta kijana amekaa juu ya reli upande wa Ngamiani, spika masikioni, miguu ameinyoosha, anachezea simu kama yuko kitandani kwao. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapo ni njia ya treni." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kaka, treni yenyewe iko wapi?"

Swali lake nimefika nalo nyumbani.

Mimi nimezaliwa gengi. Kwa wasiojua, gengi zilikuwa kambi za wafanyakazi wa njia, vijumba vichache kando ya reli kila baada ya kilomita kadhaa. Yetu ilikuwa kati ya Pongwe na Muheza, mkonge kulia, mkonge kushoto. Baba alikuwa mtu wa kutembea njia. Alfajiri anatoka na nyundo ya mpini mrefu, spana inayonizidi kimo, bendera mbili, nyekundu na kijani, na kikopo cha fataki. Zile hazikuwa fataki za sikukuu. Unazifunga juu ya reli, treni ikizikanyaga zinapasuka, dereva anajua mbele kuna hatari hata kama ni usiku wa mvua na bendera haionekani. Baba anatembea kipande chake akigonga na kusikiliza, anakaza kilicholegea, anarudi mchana viatu vyekundu kwa vumbi. Mama hakuwa na desturi ya kumuuliza kama amechoka. Aliuliza, "Njia nzima?" Akijibiwa "nzima", ndipo anapakua.

Sisi watoto tulifundishwa reli kabla ya irabu. Ukitaka kuvuka simama, tazama kote kuwili, nyamaza usikilize. Usikae. Usitembee katikati hata kama njia ya pembeni ina matope. Baba alinichapa mara moja tu maishani, siku nilipoweka msumari juu ya reli ili treni inifinyangie kisu. Kisu kilitoka kizuri sana, nasema kweli.

1984 nikapanda treni na mama kwenda Moshi, kulikuwa na msiba kwa ndugu zake. Daraja la tatu, watu wamejaa hadi kwenye mizigo, mama mmoja ana kuku chini ya kiti, na kuku mwenyewe akakaa kimya hadi Korogwe ndipo akaanza. Nililala mapajani mwa mama nikisikiliza ule mlio, ta-ta, ta-ta, ta-ta. Baba alishanieleza kwamba ni ile nafasi ndogo inayoachwa kati ya kipande cha reli na kingine, maana chuma kikipata jua kinarefuka, na bila nafasi njia ingejikunja kama nyoka. Basi usiku ule nikajiambia kwamba kila ta-ta ni mahali ambapo baba wa mtu amepita asubuhi na nyundo. Nikawa nawahesabu. Nilifika kwenye mia tatu na kitu, usingizi ukanichukua.

Mnajua kilichofuata. Miaka ya tisini treni ya abiria ikakatika. Hii ndiyo reli ya kwanza ya nchi yetu, Wajerumani waliianza hapahapa Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Moshi 1911. Treni ilipokatika, njia ikawa sehemu ya kuanika nguo na njia ya mbuzi. Mataruma ya chuma, yale yanayobeba reli, yakaanza kung'olewa usiku kuuzwa chuma chakavu. Watoto wakazaliwa, wakaoa, wana watoto wao, hawajawahi kuona hata kiberenge, kile kigari kidogo cha wakaguzi wa njia.

Halafu 2019 mizigo ikarudi. Kuna wazee fulani walikuwa na kijiwe cha kahawa na bao, wameliweka bao lenyewe juu ya mataruma kwa sababu pametulia na pana kivuli. Jioni moja ikasikika honi. Watu wakasema hilo lori. Honi ya pili, mmoja akasema "lori gani linakuja kwa huku?" Hapo ndipo wakainuka, wakatawanyika, kanzu mkononi. Sasa, mzee mmoja alikuwa anakaribia kushinda. Alipofika salama pembeni akakumbuka kete zake. AKARUDI. Vijana wawili wakamrukia wakamvuta kwa kanzu ikachanika hadi kiunoni. Bao lilipasuka vipande vitatu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikwenda nyuma ya ukuta nikatapika.

Kwa hiyo nauliza. Nyie mlioishi na reli mnakumbuka nini, na watoto wenu mnawaambia nini?

#2 Sambaa wa Mombo

Nimeweka kambi hapa. Mtu anifungie viti viwili, na chai ya tangawizi.

#3 Chungwa la Muheza

Kaka umenirudisha mbali. Mimi ni binti wa stesheni. Mama yangu aliuza machungwa Muheza na mimi ndiye nilikuwa mbebaji wa beseni. Treni ikisimama mna dakika chache tu, mnakimbilia madirishani, mikono inatoka, hela inarushwa, chungwa linarushwa. Abiria wengine wanajua treni inaondoka, wanangoja hadi ianze kutembea ndipo wachukue machungwa bila kulipa. Mungu anawaona.

Sheria ya mama ilikuwa moja, kuuza upande wa jukwaa tu. Watoto wa wengine walikuwa wanapita chini ya behewa kwenda kuuza upande wa pili ambako hakuna ushindani. Kaka yangu akaiga. Siku hiyo yuko chini, treni ikajikurupua. Mnajua ile treni inavyoanza, vyuma vinagongana kuanzia mbele kuja nyuma, kang kang kang kang. Mama akasikia sauti, akaangalia, mtoto hayupo.

Kaka alikuwa amelala kifudifudi katikati ya reli. Mabehewa matatu yalimpita juu ndipo treni ikasimama, kumbe kuna abiria alipiga kelele hadi mtu wa bendera akasikia. Kaka alitoka mzima, amekwaruzwa mgongo kidogo. Mama hakulia, wala hakumpiga. Alichukua beseni akamwaga machungwa yote pale stesheni, tukarudi nyumbani. Wiki nzima hatukuuza. Hadi leo kaka yangu ni mtu mzima, ana wajukuu, akisikia tela la lori linafungwa kwa ile sauti ya kang anashika mgongo.

#4 Mbishi wa Barabara ya 8

Samahani wakuu, mnatia chumvi. Treni inapita kwa nadra, tena polepole. Mtu wa Tanga anakufa kwa bodaboda na kwa mabasi ya barabara ya Segera, si kwa treni. Halafu tuseme ukweli, reli imeukata mji huu katikati tangu enzi za Mjerumani. Ngamiani huku, maofisi na bandari kule. Watu wavuke wapi? Mama mwenye ndoo kichwani azunguke mbali kutafuta kivuko kinachotambulika? Wapeni watu vivuko kwanza, mahubiri baadaye.

#5 Mwana wa Gengi (mleta uzi)

Mbishi, la vivuko nakuunga mkono mikono miwili. Wala sijasema watu wasivuke, baba yangu alikuwa anavuka mara ishirini kwa siku. Ninachosema ni kukaa, kulala, kuweka biashara. Kuvuka ni sekunde tano.

Na hiyo "nadra" yako ndiyo inayonitisha. Treni ingekuwa inapita kila nusu saa, hata kuku wangejifunza.

#6 Gadi Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Nilikuwa gadi, yule mtu wa behewa la mwisho mwenye bendera na taa. Vidole vyangu ni vya zamani, mnivumilie nikikosea herufi.

Huyu mwenzetu anayesema treni inakwenda polepole, nataka nimweleze jambo. Gurudumu la treni ni chuma na reli ni chuma. Wewe gari lako lina mpira unaong'ang'ania lami. Chuma juu ya chuma haking'ang'anii, na ndiyo maana kichwa kimoja kinaweza kuvuta mzigo wa malori thelathini. Lakini faida hiyohiyo ndiyo hasara yake ukitaka kusimama. Treni ya mizigo iliyojaa, hata kwa mwendo wa baiskeli ya kijana mwenye haraka, dereva akifunga breki zote inakwenda mamia ya mita ndipo isimame. Dereva akikuona na wewe ukamwona, mara nyingi yeye ameshamaliza la kwake. Kilichobaki ni honi na dua. Na hawezi kukukwepa, akukwepee wapi? Nimefanya kazi na madereva waliowahi kugonga mtu. Mmoja hakurudi kwenye kiti tena, alimalizia utumishi wake stoo.

Jambo la pili ni upana. Reli yetu hii ni ya mita moja, kutoka chuma hadi chuma. Mtu anatazama anasema "nikisimama hapa pembeni hainifikii". Behewa lina upana unaokaribia mita tatu! Kwa hiyo linaning'inia karibu mita nzima kila upande nje ya reli. Kisha kuna ngazi, kuna mlango uliofunguliwa, kuna turubai linalopepea. Yule anayekaa kwenye kokoto akidhani yuko nje ya njia, yuko ndani.

Breki nazo watu hawazielewi. Hewa iliyomo kwenye bomba la treni ndiyo inayozizuia breki zisifunge. Bomba limepita kuanzia kichwa hadi behewa langu la mwisho. Likikatika, hewa inatoka, breki zinajifunga zenyewe. Aliyebuni alikuwa na akili. Lakini kila behewa linasukuma breki zake kwa hewa ya tangi lake dogo, na tangi likikaa muda mrefu linavuja, breki inalegea. Kwa hiyo treni ikisimama mlimani hufungi kwa hewa ukaenda kunywa chai. Unafunga breki za mkono, behewa kwa behewa, na unaweka kabari chini ya magurudumu. Kule Kanada, mji wa Lac-Mégantic, Julai 2013, treni ya mafuta iliachwa usiku kwenye mteremko. Kichwa kilichokuwa kinatunza hewa kikazimwa, na breki za mkono zilizofungwa hazikutosha. Ikateremka yenyewe hadi katikati ya mji. Watu 47.

Sisi tuna yetu. 24 Juni 2002, hapo Igandu, Dodoma. Treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikaanza kurudi kinyumenyume, breki hazikushika, ikateremka hivyo hadi ikavaana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281. Mimi sikuwa zamu njia ile. Lakini siku ile hakuna mtu wa reli nchi hii aliyelala. Mke wangu alipika, hatukula. Nilikuwa najiuliza kuhusu gadi mwenzangu, maana gadi anakaa nyuma, na treni ikirudi nyuma basi nyuma ndiyo mbele.

Baada ya hapo sikuwahi kuondoa treni stesheni bila kupima breki mwenyewe, hata stesheni masta akinuna kwamba nachelewesha. Abiria wananizomea madirishani, "wewe mzee tuondoke!" Nawaambia, zomeeni tu.

#7 Kengele Mbovu

Shikamoo mzee Gadi. Hiyo ya nyuma ndiyo mbele imenifunga mdomo.

Mimi nitaleta la baiskeli kwa sababu Tanga bila baiskeli si Tanga. Watu wengi hawaanguki kwa treni, wanaanguka kwa reli yenyewe! Pale kwenye kivuko, kati ya reli na lami kuna mfereji wa gurudumu la treni kupita. Ukivuka mshazari, tairi lako la mbele linaingia humo kama ufunguo kwenye kitasa. Baiskeli inasimama, wewe unaendelea. Mimi nina jino la bandia la mbele, nililipata hivyo, nikiwa nimebeba kreti la soda na mawazo ya kumpita jamaa wa bodaboda.

Vuka ukiwa umeinyoosha, reli ikukate msalaba. Kama barabara inakuja kwa mshazari, punguza, panuka kidogo uilenge vizuri. Mvua ikinyesha shuka uisukume, chuma kilicholowa kinateleza kuliko sabuni. Na bodaboda ni vilevile, tofauti ni kwamba nyie mnabeba dada za watu nyuma.

#8 Gadi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Pole kwa jino.

#9 Dereva Semi

Nina langu, na sitataja tajiri wala kampuni.

Nilikuwa naendesha semi ya mtu, nimepakia mbao kupita kiasi. Nilimwambia tajiri betri imechoka na klachi inateleza, akaniambia "nenda tu, utatengenezewa ukirudi". Maneno hayo madereva wote wanayajua. Nikafika kivuko kimoja upande wa Korogwe, kina kijimlima kidogo kabla ya reli. Magurudumu ya kichwa yamevuka, tela limebaki juu ya njia, gari likazima. Nikapiga stata, kimya. Nikapiga tena, kimya. Utingo wangu akaanza kufungua kamba apunguze mbao! Nikamwambia wewe mwendawazimu, shuka.

Bahati yangu kulikuwa na mzee anachunga mbuzi, aliwahi kufanya kazi ya reli. Alinipa elimu kwa dakika moja ambayo shule ya udereva haikunipa. Alisema, "Watu wakae mbali na gari. Wewe kimbia kuilaki treni upande mmoja wa njia, na kijana wako akimbie upande wa pili, kwa sababu hujui itatokea wapi. Kimbieni pembeni ya reli, msikimbie juu yake. Kila mmoja awe na kitambaa chekundu, na kama hamna, pungeni chochote kwa mikono miwili." Kwa nini uikimbilie treni na si kuikimbia? Kwanza dereva anahitaji umbali, akikuona ukiwa kwenye gari umechelewa. Pili, ikiligonga lori, mbao na vyuma vinarukia kule treni inakoelekea. Ukikimbilia kule, unakimbilia kufa.

Nilikimbia na fulana ya timu nyekundu, sitaji timu, mtajijua. Kilichokuja ni kiberenge cha wakaguzi, si treni. Wakasimama. Walinitukana vizuri, kisha wakapiga simu mbele na nyuma kuzuia njia. Tuliondoa tela kwa trekta la shamba la mkonge baada ya saa mbili.

Tajiri alinikata mshahara kwa kuchelewesha mbao. Nikaacha kazi.

#10 Mbishi wa Barabara ya 8

Fulana nyekundu Tanga? Kama ilikuwa ya Coastal, timu yetu ya hapa, ungepitishwa bure.

#11 Gadi Mstaafu

Huyo mchunga mbuzi nampa heshima yangu. Niongeze kidogo hapo kwenye kiberenge. Msidhani kila kinachopita kwenye reli kina mngurumo. Kiberenge ni kidogo, kinakuja kimya, na kinaua vilevile. Hata sisi wenyewe tunaojua kazi kinatuua. Machi 2020, hukuhuku mkoani kwetu, kati ya Mwakinyumbi na Gendagenda, kiberenge kiligongana na treni ya mizigo wakafa wafanyakazi watano wa reli.

Njia yetu ni moja. Kwenda na kurudi ni hapohapo. Kinachozuia viwili visikutane ni ruhusa. Stesheni masta wa hapa anamuuliza wa kule, "njia ni nyeupe?" Wa kule anajibu, anaandika, ndipo dereva anapewa kibali mkononi. Sisi tulikiita laini klia. Bila laini klia huondoki hata kama Rais yumo ndani. Kazi nzima ya usalama wa reli ni watu wawili walio mbali kukubaliana neno moja na kuliandika. Mmoja akisinzia, akisahau, akidhania...

Siwezi kuendelea na hili, nilikuwa nawafahamu watu. Nitarudi.

#12 Chungwa la Muheza

Pole sana mzee wangu.

#13 Mama Wawili

Nimesoma kimya tangu jana, leo nimejiunga ili tu nichangie. Nakaa kando ya reli, wanangu wawili wanavuka kwenda shule. Mdogo alikuwa na tabia moja, nilikuja kuambiwa na jirani. Treni ya mizigo ikipita, yeye na wenzake wanaitupia mawe. Nilimchapa, nikamkataza, nikamwambia utamvunja mtu jicho, wapi! Anasema, "mama, haina watu, ni mabehewa tu."

Desemba 2021 tulikuwa na safari ya Arusha. Nikaamua twende hadi Korogwe kwa basi tudandie ile treni ya abiria ya kutoka Dar, ambayo ilirudi kufika Arusha mwaka 2020. Inapita Korogwe usiku, Tanga mjini haifiki, na hilo linaniuma hadi leo. Mji ambao reli ilianzia ndio unatazama treni ya abiria kwa picha.

Tulikaa stesheni na shuka, mbu wanatula, ikachelewa, watoto wakalala juu ya begi. Ilipotokea ile taa kubwa mbali gizani, mdogo akaamka akanishika kanga. Hakusema neno. Ardhi inatetemeka, upepo unakuja, mlima wa chuma unapita mbele ya uso wako. Ndiyo mara ya kwanza nimeona mwanangu anaogopa kitu kwa adabu.

Ndani tulipata viti vya dirishani. Kulipokucha tulikuwa tunaitafuta Same, milima ya Upare kulia kwetu imeshika wingu, mkonge umebaki nyuma. Abiria mmoja akawagawia watoto mihogo. Mahali fulani kulikuwa na watoto wamesimama kando ya njia, mmoja ameinua mkono. Mwanangu akarudisha kichwa ndani haraka sana, akafunika uso kwa mikono. Yule mtoto alikuwa anapunga tu, masikini. Lakini wangu alishajua mkono ulioinuliwa unaweza kuwa na nini.

Sikumwambia chochote. Tangu siku hiyo hajarusha jiwe. Tena sasa yeye ndiye anawakemea wenzake, anawaambia "kuna mtu anaitwa gadi yuko kule nyuma". Sijui alimsikia wapi huyo gadi.

#14 Gadi Mstaafu

Mama Wawili, msalimie huyo mtoto. Nina kofia yangu ya kazi, ikipatikana njia nitampa.

#15 Mbishi wa Barabara ya 8

Naomba niseme nimeshuka nusu. Nusu tu. Hizo habari za upana sikuzijua, na jana nilipita pale kwenye vibanda nikatazama kwa jicho jingine. Kuna kibanda cha chipsi ambacho karai la mafuta ya moto liko hatua tatu kutoka kwenye reli. Hatua tatu! Nimekula pale miaka.

Bado nasimama kwenye la vivuko. Treni mpya ya umeme ya Dar hadi Dodoma, iliyoanza 2024, njia yake imezungushiwa uzio, barabara zinapita juu au chini yake. Wale waliowajengea vile walijua kumwambia binadamu "usipite" hakutoshi. Huku kwetu hata kibao cha "Treni! Simama" kimeibiwa kikawa mlango wa banda la kuku, nimekiona kwa macho yangu.

#16 Sambaa wa Mombo

Banda la kuku liko salama kuliko sisi.

#17 Mwana wa Gengi (mleta uzi)

Mbishi, tena kwa treni ile ya umeme mambo ni mengine kabisa. Inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na nyaya za juu zina volti 25,000, huhitaji hata kuzigusa zikudhuru. Wakati mwingine nawaza, mipango ya reli mpya ya Tanga, Arusha hadi Musoma tunayoisikia, siku ikifika kweli itawakuta vijana waliofundishwa na reli ya kale kwamba chuma kile ni benchi. Hapo bao halitapasuka vipande vitatu, halitaonekana kabisa.

Na kwa wenye vibanda, hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mjini na mita 30 vijijini. Watu wanaiona kama uonevu wa kuvunjiwa. Baba aliniambia ile nafasi ni ya siku mbaya. Behewa likianguka halianguki juu ya reli, linaanguka pembeni.

#18 Kengele Mbovu

Mleta uzi, baba yuko hai?

#19 Mwana wa Gengi (mleta uzi)

Alifariki 2016, kabla mizigo haijarudi. Miaka ya mwisho akili ilikuwa inakwenda na kurudi. Alikuwa anaamka alfajiri anatafuta nyundo. Tulikuwa na nyundo ya kawaida ya kupigia misumari, tukampa, akatoka nayo hadi mwisho wa uwanja akigonga gonga mawe ya msingi wa nyumba, kisha anarudi. Mama anamuuliza kama zamani, "Njia nzima?" Anafikiri kidogo. Siku nyingine anasema nzima. Siku nyingine anasema, "Pale kwenye kona pamelegea, waambie." Tunamwambia tutawaambia.

#20 Chungwa la Muheza

Nimelia kazini, bosi ananiangalia.

#21 Mbishi wa Barabara ya 8

Wale wazee wa bao je? Walihama?

#22 Mwana wa Gengi (mleta uzi)

Walihama baada ya siku ile. Walichonga bao jipya, wakaenda chini ya mwarobaini, mbali kabisa, nikashukuru.

Nimepita leo jioni kwa ajili ya swali lako. Wamerudi palepale. Bao jipya liko juu ya mataruma, birika limeegeshwa kwenye reli, yule mzee wa kanzu yuko mchezoni. Nikawaamkia, nikawauliza, wazee wangu, vipi tena? Wakanipisha nafasi nikae.

"Usiwe na wasiwasi mwanangu," akaniambia bila kuacha kuhesabu kete. "Ya leo imeshapita."